Uzi wa fildi ya masoko ya muziki kwa mtandao: wiki 8, wimbo mmoja, na mambo yanayoharibu kazi

Zeze_la_Dodoma (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Msimu wa fildi (mafunzo kwa vitendo) unakaribia na swali linajirudia humu: mwanafunzi wa masoko au mawasiliano ya umma amepata nafasi kwenye lebo au kampuni ya kusambaza muziki, lakini ofisi iko mbali. Lebo iko Nairobi au London, yeye yuko Iringa, na vitendea kazi ni laptopu, simu na bando. Nataka tuweke hapa mambo ambayo mtu anaweza kuyafungua Jumatatu ya kwanza asubuhi na kuyafuata.

Naanza na makubaliano, kwa sababu fildi nyingi za mbali huharibikia hapo kabla hata hazijaanza. Ofisini ukikaa bila kazi mtu anakuona, anakupa kitu. Mtandaoni ukikaa bila kazi hakuna anayejua, na wiki tatu zinapita. Kwa hiyo pata karatasi ya ukurasa mmoja kutoka kwa kampuni ikitaja: msimamizi wako kwa jina (mtu mmoja, siyo "timu"), saa za kupatikana mtandaoni, kikao cha dakika 30 kila wiki, msanii na wimbo utakaoufanyia kazi, kama utalipwa au angalau kurudishiwa gharama ya bando, na takwimu zipi unaruhusiwa kuonyesha kwenye ripoti ya chuo. Hilo la mwisho watu hulisahau. Takwimu za msanii ni mali ya biashara, na kampuni ikikataa zitumike siku mbili kabla ya kuwasilisha ripoti, huna cha kufanya.

Upande wa chuo: muulize mratibu wa fildi kwa maandishi kama idara inakubali mafunzo ya mbali, msimamizi wa chuo atakukagua vipi (kikao cha video kinakubalika?), na logibuku (daftari la kazi za kila siku) itasainiwaje kama fomu inadai muhuri wa mwajiri. Lebo ndogo ya nje mara nyingi haina muhuri wa kugonga. Afadhali idara iseme mapema kwamba barua yenye nembo na saini inatosha.

Karibuni muongezee.

---

Kinubi_Kimya

Mtoa mada umeanza vizuri. Mimi nasema wiki ya kwanza mwanafunzi asiguse Instagram kabisa. Aanze na taarifa za nyimbo.

Fungua jedwali kwenye Google Sheets. Kila wimbo wa msanii upate mstari wake, na safu ziwe: jina la wimbo kama lilivyo kwa msambazaji (kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa), msanii mkuu, walioshirikishwa, watunzi, mtayarishaji, ISRC, UPC, tarehe ya kutoka, kisha viungo vya Spotify, Apple Music, Boomplay, Audiomack, Mdundo na YouTube. ISRC ina herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo za nchi, tatu za aliyesajiliwa kutoa namba, mbili za mwaka, tano za wimbo wenyewe. Hiyo inautambulisha wimbo uliorekodiwa. UPC inatambulisha toleo zima, yaani singo, EP au albamu. Wanafunzi wanazichanganya hizi mbili, na matokeo yake unakuta albamu ya nyimbo 10 imeandikiwa namba moja kila mstari.

Kwa nini ISRC ina uzito hivi? Msanii akihama msambazaji na wimbo ukapandishwa upya kwa ISRC ileile, sauti ileile na taarifa zilezile, hesabu ya wasikilizaji ya zamani huweza kuungana na ya toleo jipya. Ukipandishwa kwa ISRC mpya, wimbo unaanza sifuri na pleilisti za zamani zinabaki zimeshika toleo lililofutwa.

Ukimaliza jedwali, tafuta makosa haya matatu.

La kwanza ni kurasa mbili za msanii mmoja. Husababishwa na jina kuandikwa tofauti, pengine nafasi iliyozidi au "TZ" iliyoongezwa, au msambazaji kutuma wimbo bila namba ya utambulisho ya ukurasa wa msanii. Kwenye toleo jipya, bandika kiungo cha ukurasa sahihi wakati wa kupandisha. Kwa uliokwisha kutoka, admini anaomba urekebishwe kupitia Spotify for Artists (sehemu ya Spotify ya wasanii na timu zao).

La pili ni "ft." kuandikwa ndani ya jina la wimbo badala ya kwenye sehemu ya wasanii. Wimbo hautokei kwenye ukurasa wa aliyeshirikishwa, na mashabiki wake hawaarifiwi.

La tatu linatuhusu sisi zaidi: kibodi iliyowekwa Kiingereza. Inabadilisha "Nami" kuwa "Name" na mtu haoni mpaka wimbo umetoka. Weka kibodi ya Kiswahili au zima usahihishaji kabla ya kujaza chochote. Kwenye lugha ya wimbo chagua Kiswahili, usiache Kiingereza kilichojazwa chenyewe.

Kazi hii kwa msanii mwenye nyimbo 40 inachukua siku tatu mpaka nne. Haina mvuto wowote, lakini ukiimaliza utakuwa unaujua muziki wake kuliko wengi waliomo ndani ya kampuni.

---

Tarehe_na_Saa

Naleta kalenda, maana wiki 8 ni chache kuliko zinavyosikika.

Chukua fildi inayoanza Jumatatu 20 Julai 2026 na kuisha Ijumaa 11 Septemba 2026. Lebo inataka kutoa singo Ijumaa 28 Agosti. (Ijumaa ndiyo siku ya matoleo mapya duniani tangu Julai 2015.) Rudi nyuma kutoka hapo:

31 Julai, yaani siku 28 kabla: sauti ya mwisho, picha ya jalada na taarifa zote ziwe kwa msambazaji. Jalada liwe mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, bila anwani ya tovuti, bila jina la akaunti ya mtandao wa kijamii, bila bei. Hayo yanarudishwa, na kila kurudishwa kunakula siku kadhaa.

Wiki ya kwanza ya Agosti: wimbo ukionekana kwenye Spotify for Artists kama toleo lijalo, peleka maombi kwa wahariri wa pleilisti. Unaombea wimbo mmoja tu, uwe haujatoka, na maelezo hayazidi herufi 500.

21 Agosti: hii ndiyo siku ya mwisho. Ukiomba angalau siku 7 kabla, wimbo unaingia Release Radar (pleilisti ya matoleo mapya ambayo Spotify humtengenezea kila msikilizaji) ya wafuasi wa msanii hata wahariri wasipouchukua. Ukichelewa, wimbo uliouomba hauna uhakika huo, na Release Radar yenyewe inaweza kuchagua wimbo mwingine wa toleo hilohilo.

28 Agosti: wimbo unatoka. Zimebaki wiki mbili tu za fildi.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Spotify hupima wasikilizaji hai kwa dirisha la siku 28, na siku 28 baada ya 28 Agosti ni 25 Septemba, wakati fildi imeisha wiki mbili zilizopita. Mwanafunzi anaandaa kila kitu halafu haoni kilichotokea. Na huwezi kutoa wimbo mapema zaidi kirahisi: ukitaka siku 28 za kupima ziishe 11 Septemba, wimbo utoke 14 Agosti, na vitu vyote vingetakiwa kwa msambazaji 17 Julai, kabla hujaanza.

Kwa maoni yangu, kampuni ikikupa wimbo mpya tu, omba na wa zamani. Wimbo uliotoka mwaka jana wenye dalili ya uhai unaweza kuufanyia jaribio wiki ya 3, ukapima mpaka wiki ya 7, na ripoti yako ikawa na mwanzo na mwisho.

---

BintiPwani

@Tarehe_na_Saa asante, ila kwenye kalenda ongeza suala la saa, kwa sababu linaharibu matangazo ya watu kila mwezi.

Ratiba za Meta (Facebook na Instagram), YouTube na msambazaji zinatumia saa ya kuanzia usiku wa manane. Saa 3 usiku kwetu ni 21:00. Saa 6 usiku ni 00:00. Mtu akijaza "3:00 PM" akifikiria saa tatu, posti inatoka saa 9 alasiri. Kwenye jedwali la ratiba weka safu mbili, saa ya Kiswahili na saa ya mfumo, na ujaze zote mbili kila mara.

Pia usiandike kwenye tangazo "wimbo unatoka Ijumaa saa 6 usiku". Nusu ya mashabiki watasubiri usiku unaofuata Ijumaa. Pwani nako "usiku wa Ijumaa" kwa wazee ni ule unaotangulia mchana wake. Andika "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa", hapo kila mtu anaelewa.

Kwa walio na lebo za nje: Afrika Mashariki haibadilishi saa, wao wanabadilisha. London iko nyuma yetu kwa saa 2 kipindi cha kiangazi na saa 3 baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. New York ni saa 7, halafu 8 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwenye kalenda ya Google waache wao watume mwaliko, wewe weka saa za Dar es Salaam kwenye mipangilio yako.

---

Ngoma_Ndefu

Kuhusu zile herufi 500 za maombi kwa wahariri. Watu wanazimaliza kwa sifa: "wimbo mkali sana, utapendwa na wote". Mhariri hapati kitu hapo.

Weka mambo manne. Wimbo unatoka wapi na ni aina gani kwa usahihi: kama ni singeli, sema singeli ya Dar, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, siyo "Afrobeats". Ala au sauti inayoutofautisha. Unazungumzia nini, kwa sentensi moja. Halafu mpango wenye tarehe: video itatoka lini, redio zipi zimeshakubali mahojiano, onyesho liko mji gani. Kama hakuna kilichothibitishwa, usiandike. Mhariri anayekuta ahadi hewa leo atalikumbuka jina hilo toleo lijalo.

Andaa na Canvas, ile video fupi inayojirudia kwenye simu wimbo ukicheza. Sekunde 3 mpaka 8, wima 9:16, haina sauti. Kosa la kawaida ni kukata kipande cha video ya wimbo ambacho msanii anaimba: midomo inacheza bila kuendana na maneno, inachosha jicho. Chukua mwendo, kama nguo inayopepea au mikono kwenye ngoma.

---

Mlinzi_wa_Akaunti

Nataka nisisitize jambo moja ambalo kampuni ndogo hazilitilii maanani: mwanafunzi asipewe nywila ya akaunti yoyote. Kila jukwaa lina njia ya kumwongeza mtu kwa jina lake.

Spotify for Artists ina ngazi tatu: admini, mhariri na msomaji. Fildi inahitaji mhariri kwa anayeomba pleilisti na kubadilisha picha, au msomaji kwa anayechambua takwimu tu. YouTube Studio ina meneja, mhariri na mtazamaji. Facebook na Instagram zinaongezwa kupitia Meta Business Suite, na unaweza kupewa matangazo bila kupewa ujumbe wa ndani.

Sababu siyo kutokuaminiana. Ukiingia kwa nywila ya msanii ukiwa Mwanza wakati yeye yuko Dar, mfumo unaona mtu mgeni, unatuma namba ya uthibitisho kwenye simu yake, yuko studio simu imezimwa, akaunti inafungwa kwa muda siku ya toleo. Halafu likitokea jambo, kwa mfano posti imefutwa, hakuna kumbukumbu ya nani aliifuta, na lawama inaangukia kwa mwanafunzi.

Matangazo ya kulipia: kadi iwe ya kampuni, kikomo cha matumizi kiwekwe na kampuni. Usiweke kadi yako wala namba yako ya M-Pesa kwa ahadi ya kurudishiwa.

Na kuhusu orodha za mashabiki (majina, namba za simu, barua pepe): Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019. Orodha ikae kwenye hifadhi ya kampuni, usiipakue kwenye laptopu unayotumia na wenzako hosteli, na usiibandike kwenye kiambatisho cha ripoti.

---

Sauti_ya_Ziwa

Huku Kenya fildi tunaiita atachimenti, lakini mambo ni yaleyale. Naongeza hesabu ya bando, kwa maana wengi wanakubali kazi bila kuipigia hesabu.

Wimbo wa dakika 3 katika MP3 ya kbps 320 ni takriban MB 7. Huohuo katika WAV ya biti 16 na kHz 44.1 ni karibu MB 32, na WAV ya biti 24 inakaribia MB 48. Ukiwatumia madijei 30 kila mmoja faili lake la WAV unachoma karibu GB 1 kwa wimbo mmoja. Pandisha mara moja kwenye Drive au Dropbox, tuma kiungo. Kikao cha video cha saa moja kinaweza kula GB 1 au zaidi, kwa hiyo ombeni kamera zizimwe baada ya salamu, au kikao kiwe cha sauti.

Ukimtumia dijei kwa WhatsApp, tuma kama faili la kawaida na siyo video, kwa sababu video inabanwa na sauti inaharibika. Jina la faili liwe kamili: msanii, wimbo, toleo safi (lisilo na matusi) au la kawaida, mapigo kwa dakika. Faili lenye jina "final final 2" dijei hatalipata tena akilitafuta Jumamosi usiku.

Umeme ukikatika mchana wa toleo? Posti zote ziwe zimepangwa tangu Jumatano, na mtu wa pili ndani ya kampuni awe na ruhusa ya kuzigusa.

---

Mama_Kinanda

Wanangu, mmesahau redio na WhatsApp, na kwa Afrika Mashariki huwezi kuziacha ukafuata vitabu vya Marekani.

Redio: mtangazaji anahitaji ujumbe mfupi wa mistari sita, siyo kurasa tatu. Jina la msanii na linavyotamkwa, jina la wimbo, sentensi mbili za habari, kiungo cha wimbo toleo safi, namba ya kupanga mahojiano. Wasifu wa msanii uwe wa aina mbili, maneno 50 wa kusomwa hewani na maneno 200 wa magazeti na blogu. Tuma Jumatatu au Jumanne asubuhi. Fuatilia mara moja baada ya siku tatu, kisha acha.

WhatsApp: orodha ya matangazo inachukua watu 256, na anayepokea lazima awe ameihifadhi namba inayotuma. Hapo ndipo watu wanapokwama: wanaweka namba 256, ujumbe unafika kwa 40, wanadhani mashabiki wamepuuza. Kwa hiyo kampeni ianze wiki tatu kabla kwa kuwaomba mashabiki wahifadhi namba ya msanii, kwa sababu ya maana, labda kusikia kipande cha sekunde 20 kabla ya wengine.

---

Zeze_la_Dodoma (mtoa mada)

Shikamoo Mama_Kinanda, hilo la namba kuhifadhiwa ni la msingi sana. Na TikTok je? Ndiko wanafunzi wengi wanakotupwa siku ya kwanza.

---

Ngoma_Ndefu

TikTok ina mtego mmoja mkubwa. Akaunti ya msanii ikiwekwa kama ya biashara, haiwezi kutumia nyimbo za kawaida za maktaba, inabaki na zile zilizoidhinishwa kwa biashara tu. Maana yake msanii anashindwa kutumia wimbo wake mwenyewe! Kagua aina ya akaunti kabla ya kitu kingine chochote. Instagram nayo inazibana akaunti za biashara kwa namna inayofanana.

Pili, sauti itoke kwa msambazaji na siyo kupandishwa na shabiki kama "sauti halisi". Mashabiki wakianza kutumia sauti tatu tofauti za wimbo mmoja, hesabu inagawanyika na huwezi kuziunganisha. Kwenye fomu ya msambazaji kuna sehemu ya kuchagua kipande kianzie sekunde ngapi. Ukiiacha tupu, kipande kinaweza kuanzia mwanzo wa wimbo, na kama una utangulizi wa sekunde 15 wa kinanda peke yake, hakuna atakayecheza. Sikiliza wimbo na saa mkononi, andika sekunde ambayo mstari unaoshika unaanza, wape na nusu sekunde ya pumzi kabla yake.

YouTube kwa kifupi: hakikisha ile chaneli ya "Topic" ambayo YouTube huitengeneza yenyewe kutokana na nyimbo zinazoletwa na msambazaji imeunganishwa na chaneli rasmi ya msanii. Na mwambie msambazaji aiweke chaneli rasmi kwenye orodha ya zisizodaiwa, vinginevyo Content ID (mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki) itadai video ya msanii mwenyewe siku ya toleo.

---

Hesabu_Kwanza

Matangazo ya kulipia. Kitufe cha kubusti posti kiacheni. Kinanunua macho na likesi, hakikuambii nani alisikiliza.

Njia ni hii: tangazo, kisha ukurasa wa kiungo cha pamoja wenye vitufe vya majukwaa yote, kisha jukwaa. Kwenye ukurasa wa kati weka pikseli ya Meta (msimbo mdogo unaorekodi anachofanya mtu kwenye ukurasa), na upime kitendo cha kubonyeza kitufe cha jukwaa. Viungo vyako viwe na alama za utm_source, utm_medium na utm_campaign (zinazoonyesha mtu ametokea wapi), herufi ndogo zote, bila nafasi. "Instagram" na "instagram" zinahesabiwa kama vyanzo viwili, na ripoti inakuwa fujo.

Mfano wa kukokotoa: umetumia Tsh 60,000, watu 400 wamebonyeza tangazo, 120 wakabonyeza kuingia Spotify. Mbonyezo mmoja ni Tsh 150, lakini msikilizaji mtarajiwa ni Tsh 500. Anayeripoti 150 anamdanganya bosi bila kujua. Na wale 280 walipotelea wapi? Kagua ukurasa ukiwa na simu ya bei ndogo na mtandao wa 3G. Mara nyingi picha ya jalada imewekwa nzito, ukurasa unachukua sekunde nane kufunguka, mtu anaondoka.

Lengo la tangazo likiwa "mibonyezo" mfumo unatafuta wanaobonyeza ovyo. Chagua lengo la matokeo na uuelekeze kwenye kile kitendo cha pikseli. Na usiweke "dunia nzima": fedha yote itakimbilia nchi ambako matangazo ni rahisi na hakuna anayeelewa Kiswahili. Anza na Tanzania na Kenya, kila nchi kundi lake, ili uone tofauti ya bei.

Usibadilishe tangazo kila siku. Liache siku tatu au nne kabla ya kuhukumu, kwa sababu kila badiliko kubwa linaurudisha mfumo kujifunza upya.

---

Mwanafunzi_Mpya26

Habari za humu wakubwa zangu. Naomba kuuliza. Ikiwa kampuni inamtaka mwanafunzi alipie watu wanaouza nafasi kwenye pleilisti, wanaahidi usikilizaji 5,000 kwa wiki, ni sawa? Wanasema wimbo usipofika 1,000 haulipwi.

---

Hesabu_Kwanza

Karibu mdogo wangu. Hapana, usifanye.

Hiyo 1,000 ni kweli: tangu 2024 wimbo kwenye Spotify unatakiwa usikilizwe angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita ndipo uingie kwenye malipo, na usikilizaji unahesabiwa baada ya sekunde 30. Lakini mwaka huohuo Spotify walianza kuwatoza lebo na wasambazaji kwa kila wimbo unaokutwa na usikilizaji bandia uliokithiri, na msambazaji humkata msanii. Wimbo unaweza kuondolewa kabisa.

Dalili za pleilisti ya roboti unaziona kwenye takwimu: usikilizaji unaruka siku moja kutoka mji mmoja ambao msanii hana uhusiano nao, waliohifadhi ni karibu sifuri, na kwenye "mashabiki pia wanasikiliza" wanajaa wasanii wa muziki usiofanana kabisa. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza kwa muda mrefu: mfumo unajifunza kuwa wimbo wa taarabu unapendwa na wasikilizaji wa muziki wa kulalia, unaanza kuupeleka kwao, wanauruka, wimbo unazama.

Mjibu msimamizi kwa maandishi, kwa heshima: eleza hatari ya tozo na kuondolewa, pendekeza fedha hiyo iende kwenye matangazo yenye pikseli. Weka nakala ya ujumbe huo.

---

Mwana_wa_Ughaibuni

Kwa wanaosoma Marekani kwa viza ya F-1 (ya wanafunzi), tahadhari fupi. Fildi ya mtandao ukiwa ndani ya Marekani bado ni ajira ya mafunzo. Kama ni sehemu ya masomo yako unahitaji CPT (ruhusa ya kufanya kazi ya mafunzo wakati wa masomo), na kwa kawaida uwe umemaliza mwaka mmoja kamili wa masomo. Ruhusa inaandikwa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwenye I-20 yako (fomu inayothibitisha uanafunzi wako) kabla ya siku ya kwanza ya kazi, siyo baada yake. Ukitumia miezi 12 ya CPT ya muda wote, unapoteza OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, hasa baada ya kuhitimu) ya ngazi hiyo ya masomo. Usianze "kujitolea" ukidhani kutolipwa kunakuvusha. Iulize ofisi hiyo kwanza.

---

Kinubi_Kimya

Tumalizie na logibuku na ripoti, maana huko ndiko alama ziliko.

Logibuku ya fildi ya mbali isiandikwe "nilisimamia mitandao ya kijamii". Andika kitu kinachoweza kukaguliwa: "Nimesahihisha taarifa za nyimbo 12, kurasa mbili za msanii zimeombewa kuunganishwa, nimetuma wimbo kwa vipindi 9 vya redio, 3 vimejibu." Kila jioni dakika 15, pamoja na picha ya skrini yenye tarehe, kwenye folda ya wiki husika. Ijumaa mtumie msimamizi mistari mitano: nilichomaliza, kilichokwama, ninachohitaji kutoka kwako. Msimamizi wa mbali huisoma mistari mitano, kurasa mbili huziacha.

Kwenye ripoti toa uwiano, siyo jumla tupu. Wasikilizaji 2,400 na waliohifadhi 312 ni asilimia 13. Usikilizaji 6,000 kwa watu haohao 2,400 ni mara 2.5 kwa mtu. Linganisha na nyimbo nyingine za msanii huyohuyo ndani ya siku zilezile tangu kutoka, usilinganishe na msanii mkubwa. Na tenganisha waliokuja wenyewe (ukurasa wa msanii, maktaba zao) na walioletewa na pleilisti za mfumo, kwa kuwa hao wa kwanza ndio kazi yako iliwagusa.

Kampuni ikikataa namba halisi zionekane, omba kutumia asilimia na fahirisi: siku ya kwanza iwe 100, nyingine zihesabiwe kutoka hapo. Kampuni nyingi zinakubali hilo.

---

Tarehe_na_Saa

Na lile dirisha la siku 28 linaloisha baada ya fildi lina dawa. Kwenye kikao cha wiki ya 7 mwombe msimamizi akubali, kwa barua pepe, kukupakulia CSV (faili la jedwali la takwimu) ya wimbo huo 25 Septemba. Siku ya mwisho ya fildi wewe mwenyewe muombe akuondoe kwenye Spotify for Artists, YouTube na Meta, na umkabidhi jedwali na folda. Tarehe 24 mtumie ukumbusho wa mistari miwili, ukitaja jina la wimbo, ISRC na tarehe unazozitaka: 28 Agosti mpaka 24 Septemba. Faili likifika, ongeza jedwali moja kwenye kiambatisho na usahihishe aya ya matokeo kabla ya kupeleka nakala ya kufungwa.